Nilinenepesha timu ya kuvuta kamba kwa chipsi mayai na soda wiki saba, yaliyonikuta mbele ya akina mama wa mwani

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa Tanga na ninyi wengine mliokosea mkoa wa kuzaliwa.

Mimi nina miaka arobaini na tisa, na kila kijiwe nilikuwa najitapa kwamba hakuna kitu kilichobaki cha kunishangaza. Nimeshamwona mtu akiuza nyumba aliyopanga. Nimeshamwona bwana harusi akikimbilia boda na shela la bibi harusi. Nilitazama, nikamaliza kahawa yangu, nikaenda zangu kazini.

Kumbe cha kunishangaza kilikuwa kinakula mezani kwangu kila siku, na ninakilipia mwenyewe.

Ninayoandika hapa ndiyo yaliyotokea. Nikiongeza hata gramu moja, mizani yangu ishike kutu.

Kwanza mnijue, maana wengine humu wakiona mtu anaandika bila kizungu kingi wanadhani ni wa hivihivi. Mimi nimezaliwa Mwera, Pangani. Shule niliishia la nne, tena la nne lenyewe nilikuwa nakwenda siku za uji. Nikabeba nazi kwa mgongo, nikabeba mkaa, nikabeba hadi matofali ya watu waliokuwa wanasoma nilipoacha mimi. Leo hii ninanunua mwani pwani yote ya Mkinga. Nina stoo tatu, nina canter, na nyumba yangu ina marumaru hadi chooni. Waliokuwa wa kwanza darasani wananiita bosi. Sijisifu, natoa taarifa.

Sasa kwa wale wa bara: mwani ni ile mimea ya baharini, akina mama wanaipanda kwenye kamba maji yakitoka, wakivuna wanaianika, kisha wananiuzia kwa kilo.

Na hapo ndipo kuna ujanja wote wa biashara hii. Mwani ukiwa na maji una uzito wa ajabu. Kiroba kinakuangusha. Ukikauka sawasawa, kile kiroba kizima kinabaki kitu cha kushika mkononi. Kwa hiyo mnunuzi mjinga anaangalia mizani. Mnunuzi kama mimi anaangalia mwani.

Mimi nazamisha mkono ndani ya kiroba, nakamata konzi moja katikati, nafinya. Sihitaji mashine. Ukiwa na maji nasema neno langu moja linalojulikana vijiji vyote: "Huu haujakauka. Rudi nao ukauanike."

Mara ya mwisho kabla ya mkasa huu nilimwambia hivyo Bi Mwanakombo, mama wa makamo ya kunizaa, mwenye kamba nyingi kuliko wote pale kijijini. Nilimpa shikamoo yake vizuri, nikafinya mwani wake, nikamrudisha. Na kwa kuwa watu walikuwepo nikaongeza na kejeli, nikamwambia mamangu, bahari yenyewe naitazama bure, siwezi kuinunua kwa kilo.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifunga kiroba chake, akaniangalia kidogo, akaenda.

Shikeni hilo, tutalirudia.

Mkasa ulianzia Maramba. Huwa napandisha canter kule kuchukua machungwa, na mwenyeji wangu ni Elia, mkulima, Msambaa, Mluteri wa kuimba kwaya, na mtani wangu mkubwa. Tukikutana salamu yetu ni matusi mepesi robo saa nzima ndipo tunaulizana habari za watoto.

Siku hiyo nilikwenda na mwanangu Bakari, miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Mtoto mpole, mrefu, mwembamba. Elia akamtazama juu hadi chini, akaniuliza hizo hela za mwani nazificha wapi, maana kwa mtoto hazionekani.

Wakuu, hilo neno liliniingia. Kwetu pwani mtoto wa mtu mwenye uwezo akionekana mwembamba, anayesemwa ni baba. Wanasema huyu bwana anafungia kabati.

Nikamjibu kwamba vijana wa pwani hata wakiwa wembamba wanaweza kuwaburuza vijana wake wa shamba. Akasema wawaburuze kwa kitu gani. Pembeni ya canter kulikuwa na kamba ya kufungia mzigo. Nikainyooshea kidole.

Dakika kumi baadaye tulikuwa na mkataba mbele ya watu wote wa gulio. Vijana wanane kwa wanane, wa miaka kumi na tano hadi kumi na saba, kuvuta kamba, mwenye kushinda mivuto miwili ndiye mshindi. Mchezo ufanyike kwangu pwani baada ya wiki saba, siku ya tamasha la kijiji. Atakayeshindwa anachinja ng'ombe, na yeye mwenyewe, bosi mzima, anafunga kanga kiunoni na kuwaandalia washindi sahani mojamoja.

Kipengele cha kanga nilikiweka mimi. Nilikuwa nimeshaanza kumwona Elia ndani ya kanga, na nilikuwa nimeshaichagua rangi.

Nyumbani nikakusanya timu. Bakari na wenzake saba, wengi wanasoma naye. Nikawapandisha mmojammoja kwenye mizani yangu kubwa ya viroba, ile ya kukanyaga. Jumla kilo 489.

Nikapiga hesabu ya darasa la nne, ambayo ndiyo iliyonijengea nyumba. Kamba inavutwa na uzito. Uzito unaletwa na chakula. Chakula kinaletwa na hela. Hela ninayo. Basi nimeshashinda, tunasubiri tarehe tu.

Jioni ile nilimkuta mama Bakari amepika bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki, na kisamvu cha nazi. Nikamwambia hicho ndicho nilichokula mimi Mwera wakati hatuna kitu. Mtoto wangu hawezi kula umaskini wangu wakati utajiri upo.

Mke wangu akaniuliza, "Hiyo misuli ya kubebea nazi uliipata kwa kula nini?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya timu, hayamhusu. Akafunika chungu chake. Hakusema neno jingine kwa wiki saba, na mliooa mnajua kwamba hiyo siyo amani.

Nikaingia mkataba na kijana wa chipsi pale njia panda. Kila jioni sahani nane za zege, yaani chipsi mayai, mayai mawili mawili, na soda kubwa. Asubuhi maandazi ya kuchovya kwenye chai iliyokolea sukari. Ijumaa biriani. Jumapili nawaongezea halua, kwa kuwa nilisikia Waarabu wa mjini wanampa halua mtu anayetaka nguvu.

Na nikawakataza kazi. Kubeba maji mwiko. Mpira mwiko. Kwenda pwani kusaidia mama zao kubeba mwani mwiko kabisa. Niliona mtu akitoka jasho anapoteza kilo zangu. Walikuwa wanakula, wanalala kwenye mkeka chini ya veranda yangu, wanatazama simu, wanakula tena.

Kila Jumamosi napima. Kilo 497. Kilo 508. Kilo 521. Nilikuwa naandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, na kila mteja akija namwonyesha kabla hajakaa. Nakuambieni sijawahi kufurahia namba vile tangu nianze kuhesabu hela.

Mashavu ya Bakari yakajaa. Shati la shule likagoma kufunga kifungo. Watu wakaanza kusema mtoto amependeza, na mimi nikawa nanenepa kwa sifa.

Wiki ya tano Bakari akanifuata stoo. Akasimama mlangoni, akaniambia, "Baba, nikipanda tu ngazi za shule pumzi inaniisha."

Nikamjibu, "Pumzi haipimwi kwa mizani, mwanangu. Nenda kale."

Akaenda. Mtoto mtiifu sana yule, na siku hiyo nilijisifu kwa kumlea.

Siku ikafika. Kiwanja chetu ni mchanga mtupu, kando ya vichanja vya kuanikia mwani. Akina mama wote walikuwepo, ngoma ilikuwepo, spika ilikuwepo, na ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mnazi. Nilimnunua mapema mimi mwenyewe, nikimwambia kila mtu kwamba Elia atanirudishia hela yake jioni.

Maramba wakashuka kwenye gari la machungwa.

Wakuu, nilicheka hadi nikashika goti. Vijana wanane wakavu kama vijiti vya mhogo. Suruali zimekazwa kwa kamba. Mmoja alikuwa na shingo nikadhani atapeperushwa. Nikamuuliza Elia kama amekuja na timu au na fito za kujengea banda. Akatabasamu tu, akaomba maji ya kunywa kwa vijana wake.

Nikasisitiza wapimwe hadharani. Mizani yangu ikaletwa, wakapanda wote, na mimi natangaza kwenye spika. Maramba: kilo 471. Pwani: kilo 537. Tumewazidi kilo sitini na sita, yaani mtu mzima. Kiwanja kikalipuka. Nikamwambia Elia kwa roho safi kwamba kama anaona aibu tunaweza kumsamehe kanga, alipe ng'ombe tu. Akasema tuvute kwanza.

Mvuto wa kwanza. Bakari ndiye niliyemweka mwisho kabisa, nanga, na kamba mpya nimeinunua mjini. Filimbi ikalia, na kweli, kwa muda kidogo hakuna aliyesogea. Uzito ulikuwepo. Nikaanza kucheza.

Kisha nikaona kitu. Wale wa Maramba hawakuwa wanavuta kwa fujo. Wamelala nyuma, wametulia, wanahema kwa pamoja kama mtu mmoja. Wa kwangu midomo ilikuwa wazi. Wawili walikuwa wekundu macho. Mwili upo pale, umekaa, lakini ndani hakuna kinachofanya kazi. Wakaanza kuteleza taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mzigo uliofunguliwa kamba.

Moja bila.

Mvuto wa pili haukufika hata nusu ya wimbo. Wawili walishakaa chini kabla ya filimbi ya kumaliza. Bakari alibaki ameshika kamba peke yake nyuma, anaburuzwa, haachii. Mikono ilichubuka. Hakuachia mpaka mwisho.

Mbili bila. Mchezo umekwisha kisheria.

Mtu mwenye akili angefunga kanga. Mimi nikashika maiki nikadai mvuto mmoja wa heshima, na mimi mwenyewe naingia upande wa vijana wangu. Kilo tisini na nane. Tisa kwa wanane. Elia akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mimi nimebeba nazi toka Mwera hadi Pangani mjini.

Ni kweli nilibeba. Ila ilikuwa miaka thelathini iliyopita, na tangu nimenunua canter kitu kizito ninachobeba ni funguo.

Nilijifunga kamba kiunoni ili nionyeshe mfano. Wakuu, msijifunge kamba kiunoni.

Filimbi ilipolia nilivuta mara moja kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu zote zikaisha hapohapo. Kilichofuata nilikiona kutokea chini. Mchanga, halafu anga, halafu mchanga tena. Kanzu ikafika kifuani. Maiki ilikuwa bado inawaka mfukoni mwangu, na kijiji kizima kilinisikia nikisema "ngojeni kwanza, ngojeni kwanza" hadi mstari wa Maramba na mita kadhaa mbele yake, maana wale watoto walikuwa wamenogewa.

Nikabaki nimelala chali. Ngoma imenyamaza. Nikaona kivuli kimesimama juu yangu.

Bi Mwanakombo.

Akainama taratibu, akakamata nyama ya mkono wangu kwa vidole vyake, katikati, akafinya. Kama ninavyofinya mimi. Akageukia akina mama wenzake.

"Huu haujakauka," akasema. "Rudi nao ukauanike."

Sijui niwaeleze vipi kicheko kile. Ng'ombe alikata kamba. Mke wangu, mama Bakari, ambaye hakuwa amecheka wiki saba, ilibidi ashikwe. Elia alikaa chini kwenye mchanga, analia machozi. Na vijana wangu wanane, ambao dakika moja nyuma walikuwa wanatamani ardhi iwameze, wakaanza kucheka pia, na mimi pale chini nikashikwa, nikacheka hadi mbavu zikauma kuliko kamba.

Kanga nilifunga. Ilikuwa nyekundu, ileile niliyomchagulia Elia.

Nikiwa naandaa sahani nikawa natazama wale vijana wa Maramba wanavyokula. Walikula ubwabwa na nyama kama moto unavyokula makuti. Kwa hiyo siyo kwamba wana njaa kwao. Nikamuuliza Elia anawalisha nini.

"Wanakula kilichopo shambani," akasema, "halafu wanakibeba."

Makande, maharage, ndizi, maziwa, mboga ya mnafu, ugali wa dona. Shule, kisha jembe au machungwa kichwani, kisha mpira mpaka giza. Basi.

Kitu kimoja tu hakikunifurahisha siku hiyo. Bakari hakuwepo kwenye kula. Nikamkuta nyuma ya stoo, amekaa mbele ya ule mlango wenye namba za chaki, mikono imefungwa kitambaa. Hakuwa analia. Alikuwa amefuta zile namba zote.

Akaniambia, "Baba, tuombee mchezo mwingine. Miezi mitatu. Halafu hii mizani ikae mbali na sisi."

Kesho yake nilimpeleka zahanati kwa ajili ya mikono, nikamweleza nesi na habari ya pumzi. Nesi kijana tu, umri wa mpwa wangu. Akanifafanulia vizuri bila kunidharau. Akasema mtoto wa umri huu mwili wake bado unajengwa, na hizo kilo ndani yake kuna mifupa, kuna misuli, kuna mafuta, kuna maji, na mizani haikuambii kipi ni kipi. Chipsi na soda kila siku halafu unalala, zinazoongezeka nyingi ni za mafuta. Nikimpa samaki, maharage, mayai, mboga, matunda, ale ashibe, kisha acheze na kufanya kazi ya kawaida, hapo mwili unajenga vya kukaa. Tena akanionya nisirukie upande wa pili nikaanza kuwanyima. Mtoto anayekua asiwekwe njaa, na asichekwe mwili wake, awe mnene awe mwembamba.

Mimi, ninayejulikana pwani nzima kwa kutodanganywa na kilo, nilikuwa nimenunua maji wiki saba na kuyaandika mlangoni kwa chaki.

Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Jiko langu nimerudishiwa, au bado umelikodisha?"

Amerudishiwa. Bada ikarudi, samaki wakarudi, kisamvu kikarudi. Vijana wakaruhusiwa pwani kubeba mwani na mama zao, na mpira jioni. Chipsi hawakukatazwa, wanakula siku mojamoja kama watu. Walikuwa wanakula sana kuliko zamani, nakuapieni, ila sasa chakula kilikuwa na pa kwenda.

Miezi mitatu ikapita. Na hapa nitawaambia siri, maana nimeahidi ukweli.

Siku mbili kabla ya mchezo wa marudio uzalendo ulinishinda. Nikawadanganya vijana kwamba kuna mzigo wa kushusha, wakipita kwenye bati la mizani nasoma kwa pembeni. Jumla kilo 513. Zimepungua ishirini na nne. Jasho likanitoka. Elia akapiga simu kuuliza tunawekeana nini safari hii, ng'ombe tena? Nikasema tuweke kreti moja ya soda, ni mchezo wa watoto jamani.

Tukashinda mbili moja, Maramba, kwenye uwanja wao wenyewe.

Mvuto wa mwisho ulikuwa mrefu hadi wazee wakakaa chini. Wa kwangu walikuwa wamelala nyuma, wanahema kwa pamoja kama mtu mmoja. Bakari nanga. Kamba ilipopita mstari, hakuruka wala hakupiga kelele. Aliachia, akaangalia viganja vyake, akanitafuta kwa macho kati ya watu. Nilikuwa nimeshaingia uwanjani bila kanzu kuniruhusu.

Kreti ya soda ikaletwa. Vijana wakasema hawana kiu nayo, wanaomba machungwa.

Somo langu wakuu: usimlishe mtoto sifa zako. Chakula ulichokulia ukiwa huna kitu siyo lazima kiwe ndicho kilichokufanya usiwe na kitu. Na mizani ni ya viroba. Mtoto mtazame anavyopanda ngazi.

Wenye vijana wa umri huo nyumbani, wekeni hapa mnawalisha nini na wanacheza nini, tujifunze. Wenye kucheka ile sehemu ya kanzu chekeni, mke wangu ana video na ameshaituma hadi Mkwaja.

Najua mtaniuliza ilinigharimu kiasi gani. Chipsi na soda wiki saba, ng'ombe, mchele, nazi, kamba mpya. Na kiroba cha Bi Mwanakombo, kilo thelathini na moja za mwani, nilichokwenda kukinunua kwake asubuhi ya kesho yake baada ya kuburuzwa, kwa bei ya mkavu. Sikufinya. Maji yalikuwa yanatiririka hadi kwenye viatu vyangu, yeye ananitazama, mimi nahesabu noti.

Jumla: shilingi milioni mbili, laki tatu, sitini na tatu elfu na mia moja.